Lori la dizeli linapogoma kwa umeme: dalili, chanzo na pa kuanzia

Malalamiko ya umeme kwenye lori la dizeli hayako mengi. Dereva atakuambia linasema "tak" halafu kimya, au linazunguka haliwaki, au betri inalala nzima inaamka imekufa, au taa ya injini imewaka na lori limekosa nguvu mlimani. Nimeyapanga kwa maneno hayohayo. Chini ya kila moja nimeanza na chanzo kinachojirudia zaidi, vile vya nadra nimeviacha mwisho.

Kabla ya yote, elewa jambo moja ambalo limewafanya watu wengi wanunue vifaa visivyohitajika. Waya uliokatika ndani ukabakiwa na nyuzi mbili za shaba bado unapitisha volti. Ukiupima lori likiwa limezima, mita itakuonyesha volti 25 na utaamini waya ni mzima. Piga stata (mota inayozungusha injini ili iwake): zile nyuzi mbili haziwezi kubeba mamia ya ampea, na volti zote zinaishia hapohapo. Kwa hiyo vipimo vingi vya hapa chini vinafanyika mzigo ukiwa umewashwa. Mita ya kawaida ya kidijitali inatosha, pamoja na balbu moja ya volti 24 yenye wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1, na mara nyingi inasema ukweli kuliko mita.

Usalama kwanza

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu. Ukiinua kebini, hakikisha imefungwa kwenye komeo lake. Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa chanya na chesisi kwa pamoja inageuka nyekundu, na pete ya kidoleni hali kadhalika. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga malizia na hasi. Betri inayochajiwa inatoa hidrojeni, kwa hiyo usiichungulie kwa kiberiti wala sigara. Na usifungue betri injini ikiwa inanguruma "kupima kama altaneta (jenereta inayochaji betri) inafanya kazi". Kipimo hicho cha zamani kinarusha volti juu ghafla na kinaua kompyuta ya injini na altaneta yenyewe.

"Napiga stata, inasema tak tu" au haisemi kitu

Anza na betri, lakini zipime moja moja. Malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofuatana kupata 24. Baada ya lori kupumzika saa kadhaa, kila betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Moja ikisoma 12.7 na nyingine 11.9, ukipima zote pamoja utaona 24.6 na utadhani mambo si mabaya sana, kumbe betri moja imeshakufa na inamzuia mwenzake. Betri mbili za umri tofauti hazidumu pamoja; badilisha zote.

Sasa weka mita kwenye betri na mwambie mtu apige stata. Volti zisishuke chini ya 19 hivi. Kuna majibu matatu, na kila moja lina njia yake.

Zikiporomoka hadi 12 au 10, betri imechoka, au stata inavuta kupita kiasi, au injini yenyewe haizunguki. Hilo la mwisho lisikupite. Maji au dizeli ikijaa kwenye silinda, pistoni inakwama, na ukilazimisha unapinda fimbo ya pistoni. Kama betri ni nzima na injini inagonga mara moja na kusimama, acha stata. Jaribu kuizungusha kwa mkono kwa kifaa chake kwenye gurudumu la injini. Ikikataa, kazi hiyo si ya umeme tena. Mwite fundi injini.

Zikishuka kidogo tu, labda hadi 24, na stata inasema tak au inazunguka kivivu, umeme unapotelea njiani. Hapa ndipo kosa hujificha mara nyingi zaidi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri (nguzo yenyewe, siyo klampu) na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata. Piga stata usome. Njia nzuri inaonyesha chini ya nusu volti. Ikizidi volti 1, kuna pingamizi kati ya hapo na hapo. Sogeza ncha kipande kwa kipande: nguzo hadi klampu, klampu hadi swichi kuu ya betri, swichi kuu hadi stata. Mahali ambapo namba inaruka ndipo pabovu. Klampu mara nyingi inang'aa kwa nje huku ndani ina ukoko mweupe. Swichi kuu nayo inaungua ndani bila kuonyesha dalili nje, ila ukiishika baada ya kupiga stata mara kadhaa utaikuta ya moto.

Kisha fanya vilevile upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri: nguzo ya hasi hadi mwili wa stata. Watu wanauruka upande huu. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na chesisi, na umeme wote wa stata unarudi kwa mkanda mmoja wa ethi unaounganisha injini na chesisi. Niliwahi kuletewa lori lililokuwa limefungwa stata ya tatu ndani ya muda mfupi, na kila moja ilifanya kazi siku chache. Mkanda wa ethi ulikuwepo, umekazwa, umepakwa hata rangi. Nilipokunja ile pete ya shaba mwishoni, unga wa kijani ukamwagika na nyuzi zikabaki kama ufagio uliochakaa. Umeme ulikuwa unajitafutia njia nyingine, na kebo ya gia ilikuwa imeyeyusha mfuniko wake. Ukiona kebo ya gia au ya mafuta inapata moto wakati wa stata, usitafute kingine. Ni ethi.

Zisiposhuka kabisa na hakuna hata tak, stata haijaamriwa. Chunguza kwa mpangilio huu: gia huru kweli, klachi imekanyagwa kama lori linadai hivyo, kebini imefungwa vizuri, swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye injini yenyewe haijaachwa imebonyezwa. Mafundi wazoefu wamehangaika saa nzima kwa sababu ya swichi hiyo. Halafu fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya stata. Mwishowe pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi (sumaku ya umeme inayosogeza gia ya stata), mara nyingi umeandikwa 50: mtu akigeuza ufunguo lazima zifike volti karibu sawa na za betri. Zikifika na solenoidi haisogei, hapo stata ina kosa. Zisipofika, stata haina hatia.

Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo, na ipumzishe dakika 2 kabla ya kurudia. Na usipige bisibisi kuunganisha bolti za stata ukiwa chini ya lori. Lori lililo kwenye gia litakupanda.

Ukibusti kutoka lori jingine, liwe la volti 24 kama lako. Klampu ya mwisho, ile ya hasi, ifungwe kwenye chuma cha injini au chesisi mbali na betri, kwa sababu cheche hutoka kwenye mguso wa mwisho.

"Inazunguka vizuri ila haiwaki"

Kabla ya mita, angalia bomba la moshi. Moshi mweupe ukitoka wakati wa stata, dizeli inaingia kwenye silinda na tatizo huenda lisiwe la umeme. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Hakikisha tanki lina mafuta na filta haijavuta hewa. Naandika hivi kwa sababu nimeitwa mara nyingi kutafuta shoti kwenye lori lililoishiwa dizeli.

Injini za zamani zenye pampu ya kimakanika zina solenoidi ya kuzimia, inayofungua na kukata dizeli. Washa ufunguo usikilize: lazima iseme tak. Isiposema, pima volti kwenye waya wake. Volti zipo na haivuti, solenoidi imekufa au imeshikwa na uchafu. Hakuna volti, rudi kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo. Injini hizi zikishawaka hazihitaji kingine chochote cha umeme, na ndiyo maana bado zina wapenzi wake.

Injini zenye kompyuta zina vyanzo vingine. Cha kwanza ni betri, hata kama stata inazunguka: volti zikiporomoka sana kompyuta inazima katikati ya kazi, stata inaendelea kuzunguka, injini haiwaki. Cha pili ni fyuzi au rilei kuu ya kompyuta. Dalili yake ni taa ya injini kutowaka kabisa ukigeuza ufunguo, kwa sababu taa hiyo inatakiwa iwake kwanza ndipo izime. Cha tatu ni sensa ya mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Chomeka kifaa cha kusomea kompyuta, piga stata, uangalie mizunguko: ikibaki sifuri wakati injini inazunguka, kompyuta haijui pistoni ziko wapi na haitapuliza dizeli. Ichomoe sensa uitazame. Ncha yake ni sumaku na hukusanya unga wa chuma kama ndevu. Ifute, irudishe, jaribu tena kabla ya kununua mpya. Baadhi ya injini zinaweza kuwaka kwa kutegemea sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) peke yake, ila zitakuzungusha muda mrefu kwanza. Kwa hiyo lori linalowaka baada ya kuzungushwa sana, hasa likiwa la moto, huenda linakuomba sensa. Chunguza na kizuizi cha wizi pia: taa ya ufunguo ikimetameta, jaribu ufunguo wa pili.

Simama hapa. Usifungue bomba za shinikizo kubwa za mfumo wa komoni reli (bomba moja linalolisha vipulizio vyote vya dizeli, yaani injekta) "kuona kama dizeli inafika". Shinikizo hupita bar 1,600 katika injini nyingi, na tone linalotoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi. Mtu akichomwa hivyo apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha ni kitone tu. Nyaya za injekta nazo zinaweza kubeba volti zaidi ya 50 injini ikizunguka. Usizishike wala kuzichomoa injini ikiwa hai.

"Haichaji" na "inachaji kupita kiasi"

Injini ikiwa inanguruma juu kidogo ya kawaida, betri isome kati ya 27.5 na 28.5. Ikibaki 25 au ikishuka polepole, haichaji. Chunguza mkanda kwanza. Mkanda uliolegea unapiga kelele ukiwasha taa zote, lakini uliolowa oili unateleza kimyakimya.

Taa ya chaji ndiyo inayofuata, na wengi hawajui kazi yake. Kwenye altaneta nyingi si taa ya kutoa habari tu. Umeme mdogo unaopita humo ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta haiamki, na dereva anafurahi kwamba taa haijawaka. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa isipowaka, maliza hilo kwanza.

Kisha pima njiani kama tulivyofanya kwenye stata. Washa taa zote, ncha moja kwenye bolti kubwa ya altaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Ikizidi nusu volti, waya au fyuzi yake kubwa ina pingamizi. Altaneta yenye 28.5 mgongoni huku betri ikipata 26.5 haihitaji kufunguliwa. Ukishahakikisha njia ni nzuri, ndipo ulaumu brashi za kaboni, regyuleta (kidhibiti cha volti) au diodi (zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC). Kwa diodi, geuza mita kwenye volti za AC upime bolti ileile: ikizidi nusu volti, diodi zina mashaka.

Ikizidi 29.5 na kuendelea kupanda, regyuleta imeachia. Zima injini. Betri itachemka, itatoa harufu ya mayai yaliyooza, na balbu zitaanza kuungua moja moja. Usiendeshe hivyo "hadi gereji".

"Nikilaza lori, asubuhi betri imekufa"

Mtu mwingine huongeza vifaa, wewe unalipia betri. Redio, kifaa cha kufuatilia lori, chaja za simu na taa za nakshi zilizounganishwa moja kwa moja ndizo za kwanza kutazamwa. Mvuto wa ampea 1 unaonekana mdogo, lakini siku tatu ni saa 72 za ampea, na kwa betri za saa 180 za ampea hiyo ni asilimia 40.

Kuna kosa moja hapa ambalo ningependa life kabisa: kutoa volti 12 za redio kwenye betri moja kati ya mbili. Altaneta inazichaji zote kwa pamoja, haijui kwamba moja imenyonywa. Ile inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake anachajiwa hadi maji yanakauka. Baada ya miezi zote mbili zimekufa, na lawama zinaenda kwa muuza betri. Tumia kibadilishi cha 24 kwenda 12.

Kupima mvuto, zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Badala ya kuchomoa fyuzi, jambo ambalo linaziamsha kompyuta upya, weka mita kwenye milivolti na uguse ncha mbili za juu za kila fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi inayoonyesha namba inapitisha umeme. Ukipendelea kufunga mita ya ampea kwenye waya wa hasi, mtu yeyote asiguse ufunguo. Stata ikipigwa, fyuzi ya mita imekwenda, na pengine mita nzima.

Usisahau altaneta. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, iguse. Injini yote ya baridi na altaneta ina uvuguvugu: diodi inavuja, imekunywa betri usiku kucha.

"Fyuzi inaungua kila nikibadilisha"

Usiweke kubwa zaidi. Usiweke waya. Fyuzi ya ampea 10 imewekwa kuulinda waya wake, na ukiweka 30 unaugeuza waya kuwa fyuzi, ndani ya kebini unayolala.

Badala yake chomeka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Chomoa vifaa vya njia hiyo kimoja kimoja. Balbu itakapofifia au kuzima, umemkamata. Ikikataa kuzima hata baada ya kuchomoa vyote, ni waya wenyewe: tikisa fungu la nyaya linapopita karibu na mabano, nyuma ya injini na penye bawaba ya kebini, ukiitazama balbu. Soketi ya tela nayo hujaa maji na tope, ichomoe mapema.

"Taa ya injini imewaka, lori halina nguvu"

Soma namba za hitilafu na uziandike kabla ya kufuta chochote. Malori mengi hutoa namba mbili: SPN inasema ni kipengele gani, FMI inasema kimekosaje. SPN 100 ni shinikizo la oili, 110 joto la maji ya injini, 168 volti za betri. FMI 3 ni volti zimepanda kuliko inavyotakiwa, 4 zimeshuka, 5 mara nyingi ni njia iliyokatika. Ukisoma hivyo, 110 na FMI 3 haisemi injini imechemka. Inasema waya au sensa ya joto ina kosa. Lakini 100 yenye FMI 1, shinikizo limeshuka mno, zima injini na upime oili kabla hujafikiria umeme.

Namba nne au tano zikitokea kwa wakati mmoja, usinunue sensa tano. Sensa nyingi hushirikiana umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, na moja ikipiga shoti inawaangusha wenzake. Pima volti 5 kwenye plagi ya sensa mojawapo. Kama hazipo, chomoa sensa moja moja hadi zirudi. Inayozirudisha ndiyo mbovu.

Kosa linalokuja na kuondoka, hasa barabara mbaya au baada ya injini kuoshwa kwa maji ya kasi, liko kwenye plagi. Fungua utazame pini: ya kijani, iliyopinda, iliyorudi nyuma. Usitoboe ganda la waya kwa sindano ya mita. Kitundu hicho kinanyonya maji, na baada ya miezi shaba imekuwa unga.

Kompyuta zisipoongea kabisa, zima ufunguo na ufungue betri, kisha pima kati ya nyaya mbili za CAN, zile ambazo kompyuta huongea kwazo. Kwenye plagi ya uchunguzi yenye pini 9 mara nyingi ni C na D. Zinatakiwa omu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya umeme vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Kompyuta ya injini iwe ya mwisho kulaumiwa. Kwanza washa ile balbu kwa kutumia chanya na hasi za plagi ya kompyuta yenyewe, huku kompyuta ikiwa imechomolewa. Ikiwaka hafifu, kompyuta ina njaa tu. Na kama kuna mtu alichomelea chuma kwenye chesisi bila kufungua betri na plagi za kompyuta, mwambie fundi mapema, itampunguzia siku.

Kutoka hapo ni kazi ya mwenye programu ya lori husika, maana kompyuta ya kubadilishia lazima ipewe taarifa za injini na injekta zake. Unapompelekea, mpe karatasi yenye namba zote za hitilafu kabla hazijafutwa, volti wakati wa stata, volti za kuchaji, omu za CAN, na orodha ya kila kilichobadilishwa, hata kile ulichobadilisha bila sababu.